Vipindi vya watoto vya kupatanisha mataifa hasimu: kwa nini hata vikaragosi vilihitaji mitaa miwili

Mhariri wa Chang'ombe (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu.

Kila vita inapopamba moto mahali, humu jukwaani hatakosekana wa kusema: tuanze na watoto, wakicheza pamoja wangali wadogo hawatauana wakiwa wakubwa. Nahariri vipindi vya watoto, ndiyo kazi inayoniweka mjini, na hoja hii nimeifuatilia kwa karibu kwa sababu ilishajaribiwa na watu makini, tena zaidi ya mara moja. Sisi tunaijadili kama wazo jipya. Naomba niweke hapa kilichotokea. Uzi ni mrefu, nivumilieni.

Jaribio lililojadiliwa kuliko yote ni la Israeli na Palestina.

Sesame Street, kipindi cha watoto chenye vikaragosi, ilianza kurushwa Marekani Novemba 1969. Joan Ganz Cooney na Lloyd Morrisett waliibuni wakiwafikiria watoto wa familia maskini za mijini, waliokuwa wakianza shule wakiwa nyuma ya wenzao. Baadaye nchi nyingine zikatengeneza matoleo yao, na hapa watu wengi hukosea kudhani kwamba ni sauti tu ilibadilishwa. Nchi ilikuwa na mtaa wake, vikaragosi vyake, waandishi na watafiti wake. Waisraeli walikuwa na Rechov Sumsum tangu 1983.

Makubaliano ya Oslo, ya amani kati ya Israeli na Wapalestina, yalipotiwa saini Septemba 1993, Wamarekani wale wakaja na pendekezo: litengenezwe toleo moja kwa ushirikiano wa pande mbili. Kwa Waisraeli kazi ilishikwa na televisheni yao ya elimu. Kwa Wapalestina ilishikwa na taasisi ya habari ya Chuo Kikuu cha Al-Quds, pale Ramallah, chini ya mwanahabari Daoud Kuttab.

Wageni walikuja na picha ya mtaa mmoja ambamo watoto wa pande zote wanaishi. Wapalestina wakakataa. Kwa mtoto wa Ramallah, Mwisraeli anayemfahamu ni askari wa kizuizini au mlowezi wa juu ya kilima. Mwisraeli wa nyumba ya pili, wa kuombana chumvi, hajawahi kumwona. Ukimwekea mtaa wa namna hiyo kwenye runinga, hata akiwa na miaka minne atajua kwamba hapo si kwao. Tena mtoto huyo alikuwa hajawahi kuona mtaa wake mwenyewe katika kipindi cha watoto. Iweje mara ya kwanza auone, auone akiwa tayari amegawana na mwingine?

Basi likaja wazo la bustani ya katikati, mahali pasipo pa mtu, wahusika wakutanie hapo. Nalo likafia mezani kwa swali moja: bustani hiyo iko kwenye ardhi ya nani?

Hilo swali la bustani ndilo lililonifanya niandike uzi huu. Watu wazima wenye nia njema, wakitaka kuwafurahisha watoto wa chekechea, wanashindwa kupata hata bustani ya kuigiza isiyo na mgogoro wa umiliki. Walioliuliza wala hawakuwa wakorofi, walikuwa wanasema kweli.

Mwisho wakakubaliana mitaa miwili. Rechov Sumsum wakabaki na Kippi mwenye miiba mgongoni, wakamwongeza Dafi. Shara'a Simsim, mtaa wa Kipalestina, ukawa na Haneen na jogoo Kareem. Wahusika wa huku walikwenda kule kwa mwaliko tu, wanabisha hodi, wanakaribishwa, wanarudi kwao.

Na wakati wanatengeneza, dunia haikuwasubiri. Waziri Mkuu wa Israeli, Rabin, aliuawa Novemba 1995. Mwaka uliofuata mabasi yalilipuliwa Yerusalemu, na mipaka ikawa inafungwa mara kwa mara. Mei 1997 Kuttab mwenyewe aliwekwa ndani wiki nzima, na waliomkamata ni Mamlaka ya Palestina, si Waisraeli, kwa sababu kituo chake kilirusha vikao vya baraza la kutunga sheria vilivyozungumzia ufisadi. Akatoka akaendelea na jogoo wake. Kipindi kilianza kuonekana Aprili 1998.

Nawasikiliza kwanza.

Binti wa Kizingo

Ahsante kwa uzi, ila nina jambo linanikera na nitalisema wazi.

Hivi kumfundisha mtoto wa Kipalestina urafiki na mtoto wa Kiisraeli, ilhali baba yake anasimamishwa kizuizini masaa matatu ili afike kazini, si kumpaka mtoto mafuta kwa mgongo wa chupa? Urafiki ni wa walio sawa. Hawa mmoja ana jeshi, mwingine hana hata uwanja wa ndege. Mimi naona vipindi hivi vinawafariji waliovilipia kuliko vinavyomsaidia mtoto. Mzungu anatoa fedha, anaona vikaragosi vinakumbatiana, analala usingizi mzuri.

Sisemi mtoto afundishwe chuki, hasha. Nasema aachwe kwanza ajue yeye ni nani.

Mhariri wa Chang'ombe

Dada Binti, sentensi yako ya mwisho imenigusa, maana ndiyo ninayoikusudia, na kuna utafiti unaoiunga mkono.

Kabla kipindi hakijarushwa, watafiti walizungumza na watoto 275 wa chekechea: Waisraeli wa Kiyahudi, Wapalestina raia wa Israeli, na Wapalestina wa maeneo yaliyokaliwa. Wakarudi kuwahoji miezi minne baada ya matangazo kuanza. Matokeo yalichapishwa 2003. Kwa jumla watoto walianza kutumia maneno mazuri zaidi kuwaeleza wenzao wa upande wa pili, na walipopewa kisa cha ugomvi walitoa zaidi suluhisho la amani.

Ila jambo nililolipigia mstari ni lingine. Watoto wa Kipalestina waliongeza uwezo wa kutambua alama za utamaduni wao wenyewe. Kipindi kilichosifiwa duniani kwa urafiki, kwa mtoto wa Ramallah kilifanya pia kazi ya kumwambia "hiki ni chako". Na hiyo ilitokana na akina Kuttab kung'ang'ania mtaa wao. Wangekubali mtaa wa pamoja, naamini mtoto yule angejiona mgeni mara mbili, barabarani na kwenye runinga.

Kuhusu nguvu kutolingana uko sahihi, na historia ya baadaye inakupa haki. Septemba 2000 intifada ya pili, yaani maasi ya Wapalestina, ikaanza. Mwaka 2002 jeshi la Israeli lilipoingia Ramallah, studio ya Al-Quds ilivamiwa na vifaa vikaharibiwa. Awamu iliyofuata, 2003, haikuitwa tena mtaa, ikaitwa hadithi. Jordan ikaongezwa kama mshirika wa tatu, kila upande ukatengeneza vyake, na kule kutembeleana hakukuwepo tena. Hakukuwa na mtoto ambaye angeamini kwamba mtu ameamka asubuhi akavuka kwenda kusalimia. Kisha 2012 Shara'a Simsim ilisimama kwa kukosa fedha: Wapalestina walikuwa wameomba uanachama Umoja wa Mataifa, na Bunge la Marekani likazuia misaada. Yaani mtoto alipoteza jogoo wake kwa ombi lililopelekwa New York.

Hapo nakubaliana nawe kabisa. Kipindi kikitegemea mfuko wa aliye mbali, siku akinuna kinakufa.

Mzee wa Lumumba

Wanangu, hamjambo. Mimi ni katika wale tuliosoma Moscow miaka ya themanini, pale Chuo cha Urafiki wa Mataifa cha Patrice Lumumba. Naomba niongeze kisa cha zamani kidogo.

Kila jioni watoto wa Kisovieti walikuwa na kipindi chao cha kuwaaga kulala, Spokoynoy nochi, malyshi, kilichoanza 1964. Kulikuwa na kikaragosi nguruwe, Khryusha, na sungura, Stepashka. Sisi wageni tulikitazama hosteli, kilitufaa kujifunza lugha, maana mtangazaji alizungumza taratibu. Mmoja wa watangazaji alikuwa Tatyana Vedeneyeva.

Mwaka 1987 alikuja Fred Rogers, yule mzee wa Kimarekani wa vipindi vya watoto, mchungaji wa Kipresbiteri, mpole mno. Akakaa studio na Tatyana na vikaragosi wale. Naye Tatyana akaalikwa Marekani, akaingia katika kipindi cha Rogers. Desemba mwaka huo huo Gorbachev na Reagan walitia saini Washington mkataba wa kuondoa makombora ya masafa ya kati.

Sisemi vikaragosi ndio walioondoa makombora. Ila ninyi hamkuishi hofu ile. Watoto wa pande zote mbili walikuwa wakilala wakijua kwamba bomu linaweza kuja usiku. Kumwona mtu wa nchi ile ya bomu amekaa kwenye kiti anazungumza na nguruwe wako unayempenda, lilikuwa jambo kubwa.

Mhariri wa Chang'ombe

Shikamoo mzee. Kisa hiki ni dhahabu, na angalia kinavyokaa na swali la Binti. Rogers alikuja mgeni kwenye kipindi cha wenyewe, kilichokuwa na zaidi ya miaka 20, chenye nguruwe na sungura wanaojulikana nyumba hadi nyumba. Hakuna aliyemwambia Mrusi aache kipindi chake waunde kipya cha pamoja. Walikuwa mataifa mawili yenye uwezo wa kutazamana usoni, kwa hiyo mwaliko mmoja huku na mmoja kule ulitosha. Palestina ilibidi kwanza nyumba ijengwe ndipo mgeni apate mlango wa kubisha.

Sasa niingie Balkani, maana huko majaribio yalikuwa ya aina mbili na yalikwenda njia tofauti.

Makedonia, 1999, shirika la Search for Common Ground lilianzisha Nashe Maalo kwa watoto wakubwa kidogo, wa shule ya msingi. Huko walithubutu: jengo moja la ghorofa Skopje, ndani yake watoto wa Kimakedonia, Kialbania, Kituruki na Kiroma. Jengo lenyewe lina uhai, linaitwa Karmen, linazungumza na watoto hao na kuwaonyesha maisha ya wenzao yalivyo kwa ndani. Kila mtoto anasema lugha yake. Nyumba moja iliwezekana kwa sababu Skopje watu hao kweli walikuwa wakipishana ngazini na sokoni, ingawa shule zilikuwa mbalimbali na kila kundi lilitazama habari zake. Kipindi hakikubuni ujirani, kilitumia uliokuwepo.

Kosovo, 2004, ilikuwa ngumu kuliko hapo. Vita ilikuwa imeisha miaka mitano tu nyuma. Matoleo yakawa mawili, Rruga Sesam kwa Kialbania na Ulica Sezam kwa Kiserbia. Na wakakwama kwenye jambo ambalo kila kipindi cha watoto hulichukulia rahisi: herufi. Waserbia walitaka za Kisirili, zinazofanana na za Kirusi. Waalbania hawakutaka watoto wao waone Kisirili. Mnafanyaje kipindi cha kufundisha kusoma bila kuonyesha herufi? Wakatoa maandishi. Wakaonyesha kitu, tuseme jua au miwani, na watoto halisi wa makundi mbalimbali wanakitaja kwa zamu, kila mmoja kwa lugha ya nyumbani kwao. Mtoto wa Kialbania akasikia Kiserbia kikisemwa na mtoto mwenye pengo la meno kama yeye.

Kama mhariri nakwambieni, hiyo ni kazi ya kutoa jasho. Kuondoa herufi kwenye kipindi cha elimu na bado mtoto ajifunze! Wengi wetu tungekimbilia kuandika kwa maandishi yote mawili, tukaishia kutorushwa hewani na upande wowote.

Kijana wa Mbezi

Mkuu nakuelewa, lakini Nashe Maalo ilianza 1999 na 2001 Makedonia wakashikiana bunduki. Sasa ilisaidia nini?

Mhariri wa Chang'ombe

Waliokamata bunduki 2001 hawakuwa watoto wa miaka tisa waliotazama Karmen. Walikuwa watu wazima, na madai yao yalihusu lugha, ajira serikalini na hadhi ya Waalbania katika katiba. Mambo hayo yalitatuliwa, kwa kiasi, na Makubaliano ya Ohrid ya Agosti 2001, mezani. Kipindi kiliendelea hadi 2004.

Kumdai kikaragosi azuie vita ni kumwonea. Kikaragosi anaweza kumfanya mtoto asishtuke akisikia lugha ya jirani. Katiba wataandika wakubwa.

Sauti ya Bujumbura

Nafanya kazi redioni, naomba nitie neno kutoka huku kwetu, ingawa si televisheni na si ya watoto peke yao.

Maziwa Makuu tunajua vizuri kuliko wengi chombo cha habari kinavyoweza kuua. RTLM, redio ya kuchochea chuki, ilianza kurusha Rwanda 1993, na kilichofuata 1994 kila mtu anakijua. Kwa hiyo 2004 ilipoanza Musekeweya, mchezo wa redio wa kuponya jamii, watu walikuwa na maswali kama ya Binti. Waandishi hawakutaja makabila. Walibuni vijiji viwili, Bumanzi na Muhumuro, vinavyogombea ardhi, na wasikilizaji wakajua wenyewe kinachosemwa.

Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alikilinganisha na mchezo mwingine wa afya, kwa mwaka mzima, na matokeo yake aliyatoa 2009. Imani za ndani za watu hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni kile walichoona kuwa ni desturi: kwamba watu wa hapa huoana hata na wengine, kwamba mtu anaweza kusimama akapinga, kwamba kuaminiana si ujinga. Walibadilisha picha yao kuhusu majirani zao, na mwenendo ukafuata.

Nadhani hapo ndipo penye nguvu ya vipindi hivi. Mtoto hahitaji kuhubiriwa apende. Anahitaji kuona kwamba kwa watu wa kwao ni jambo la kawaida kumkaribisha mgeni ndani.

Mama Furaha, Goma

Jambo bandugu. Nimesoma yote usiku huu.

Mimi nina watoto watatu, Goma. Zamani mpaka wa Petite Barrière ulikuwa kama njia ya sokoni. Akina mama maelfu kila siku, huyu na nyanya, huyu na unga, Goma na Gisenyi ya Rwanda kama mji mmoja uliokatwa na kamba. Nilikuwa na rafiki upande wa pili, tulikopeshana bila karatasi. Tangu mji ulipochukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025 watoto wangu wamejifunza maneno kuhusu watu wa upande ule ambayo mimi sikuwafundisha. Wanayapata shuleni, wanayapata kwenye simu za wakubwa.

Mtu akija leo na kipindi cha urafiki, nitamfukuza. Nasema kweli. Mtoto wangu amelala chini ya kitanda akisikia risasi. Lakini pia sitaki akue na maneno yale. Sasa mimi nifanye nini?

Binti wa Kizingo

Pole sana mama yangu. Mungu awalinde nyote hapo.

Mhariri wa Chang'ombe

Mama Furaha, pole. Nimekaa na swali lako tangu jana.

Ungemfukuza kwa haki. Watu wa Ramallah nao walimfukuza mtaa wa pamoja, na kwa kufanya hivyo wakapata kitu bora. Mimi nikipewa kazi leo ya kutengeneza kipindi kwa ajili ya watoto wa Goma, sitaanza na mpaka wala na mtoto wa Gisenyi. Nitaanza na Goma. Mtaa wenye mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, kijana anayesukuma chukudu, lile baiskeli la mbao, lenye magunia ya makaa, samaki wadogo wa sambaza wanaanikwa kando ya ziwa, bibi anayekumbuka mlipuko wa 2002 na msichana anayekumbuka wa 2021. Mtoto wako ajione humo na aone mji wake ni mahali panapostahili kuonyeshwa. Awe na mhusika anayeogopa kelele usiku, na mhusika mwingine anayekaa naye mpaka hofu ipungue, maana hilo analihitaji kabla ya lolote. Kwa watoto wakimbizi wa Syria walifanya hivyo mwaka 2020 katika Ahlan Simsim, vikaragosi vinafundisha kutaja hofu, wivu na hasira, na namna ya kupumua taratibu. Hakuna anayehimizwa kumpenda adui.

Maneno ya chuki hayo usiyanyamazie, lakini hilo ni la nyumbani, na wewe una silaha ambayo sisi watengenezaji hatuna: rafiki yako wa nyanya. Wasimulie habari zake kwa jina lake, alivyokukopesha. Alichosema ndugu wa Bujumbura ndicho hicho: waone kwamba kwa mama yao hilo lilikuwa jambo la kawaida.

Mgeni wa kubisha hodi atakuja baadaye, sehemu ya 30 au ya 60, wenyewe mkiona inafaa. Na aandikwe na watu wa Goma, si na mimi wa Chang'ombe.

Fedha ndiyo shida, kama tulivyoona 2012. Lakini eneo hili lina uwezo sasa. Akili and Me inatengenezwa na Ubongo, Dar es Salaam hapa hapa, na imesikika hadi kwa Kinyarwanda. Wahuishaji tunao, na watoto wa pande zote mbili wanasikia Kiswahili.

Mama Furaha, Goma

Huyo wa chukudu awe msichana. Na kichwani mwa kipindi muweke mlima bila moshi, watoto wakiuona na moshi wanakimbia. Jina la rafiki yangu nimewatajia leo wakati wa kula. Mdogo ameuliza kama ana watoto.

Sauti ya Bujumbura

Mhariri, nimekutumia ujumbe faraghani. Tuna studio ya sauti na waigizaji wawili wa sauti za watoto wanaojua Kiswahili cha Kivu. Tuanze na sauti tu, picha zitafuata.